RAM au diski? Namna ya kujua kompyuta yako ndogo ya mezani inahitaji kuongezewa nini

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu kompyuta ndogo za mezani huja na jibu ndani yake: "Imekuwa nzito, niongeze RAM ya ngapi?" Muulizaji ameshaamua kwamba shida ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa, kilichobaki ni idadi ya gigabaiti. Nami niliwahi kuamua hivyo. Nilikuwa na kompyuta yenye ukubwa wa kitabu kinene, RAM GB 8 na diski ya kuzunguka, na ilichukua karibu dakika nne kuwaka hadi iwe tayari kwa kazi. Nikanunua RAM nyingine, nikaifikisha GB 16, nikaiwasha huku naangalia saa. Dakika nne zilezile. RAM mpya haikuwa na kasoro yoyote. Ilikaa tupu ikisubiri diski iilishe. Wiki chache baadaye nikaweka SSD, yaani diski isiyozunguka, na kompyuta hiyohiyo ikawaka ndani ya nusu dakika.

Tangu siku hiyo sinunui kifaa kabla ya kupima, na simshauri mtu anunue kabla hajapima.

Hatua ya 1: Pima siku ya kazi nzito

Usipime kompyuta ikiwa imetulia. Ngoja siku umefungua kila unachofungua kwa kawaida: kivinjari na kurasa zako zote, hesabu zako, barua pepe, mkutano wa video kama huwa unao. Kama unatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda sehemu ya Performance, iache wazi pembeni, kisha endelea na kazi kwa nusu saa hivi huku unaitupia jicho.

Anza na Memory. Asilimia ya matumizi isikutishe haraka. Mfumo endeshi wa kisasa hauachi RAM ikae bure. Huijaza vitu unavyoweza kuvihitaji tena, na huviondoa mara programu inapodai nafasi. Kompyuta inayoonyesha asilimia 60 au 70 ni nzima kabisa. Kinachosema zaidi ni pale palipoandikwa Committed, penye namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju. Ya kwanza ni jumla ya nafasi ambayo programu zote zimeahidiwa. Ukikuta 12.4/15.8 kwenye kompyuta yenye GB 8, ujue programu zimeahidiwa zaidi ya RAM iliyopo, na nyongeza imewekewa dhamana na faili la akiba lililo kwenye diski, linalosaidia RAM ikizidiwa. Namba hiyo peke yake haitoshi kuhukumu, kwa sababu zipo programu zinazoomba nafasi kubwa na kuitumia kidogo. Lakini ikiambatana na RAM iliyopita asilimia 85, na diski ikawa inahangaika kila unapohama kutoka dirisha moja kwenda jingine, basi RAM haitoshi.

Sasa tazama Disk. Hapa ndipo wengi hushangaa. Utaona matumizi yamegonga asilimia 100, na ukiangalia chini, kasi ya kusoma ni MB 1 au 2 kwa sekunde. Inawezekanaje diski ichoke kwa kazi ndogo hivyo? Inawezekana kwa sababu ya umbo lake. Sahani za HDD, yaani diski ya kuzunguka, ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Kila kipande cha data kinapoombwa, kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi kwenye mstari wake, kisha kingoje sahani imletee sehemu yenyewe. Ukijumlisha, ombi moja hula milisekunde 10 au zaidi, kwa hiyo diski hutimiza maombi mia moja hivi kwa sekunde, mara nyingi pungufu. Kuwasha mfumo endeshi kunadai maelfu ya maombi madogo ya aina hiyo. SSD haina kichwa wala sahani. Hata ya kawaida hujibu makumi ya maelfu kwa sekunde. Hiyo ndiyo siri yote ya dakika nne zangu.

Kwenye Linux, andika free -h kwenye terminal na usome safu ya available, siyo free, kisha uangalie kama swap, yaani nafasi ya akiba ya RAM kwenye diski, inatumika kwa wingi. Kwenye Mac, fungua Activity Monitor na utazame grafu ya Memory Pressure: kijani ni salama, njano ni onyo, nyekundu ni RAM kuzidiwa.

Hatua ya 2: Linganisha vipimo na dalili

Kompyuta inayochelewa kuwaka, inayochelewa kufungua programu mara ya kwanza, lakini ikishafungua inakwenda vizuri, shida yake ni diski. Inayoanza siku vizuri kisha ikazidi kuwa nzito kadiri unavyofungua vitu, shida yake ni RAM. Na ile ambayo RAM na diski zote zimetulia lakini prosesa imegonga asilimia 100, hiyo usiinunulie RAM wala SSD. Ifungue kwanza uitoe vumbi. Makasha haya madogo yana feni ndogo, na vumbi likiziba njia ya hewa, prosesa hujipunguza kasi ili isiungue.

Hatua ya 3: Lijue kasha lako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tafuta jina kamili la modeli, kwa kawaida liko kwenye kibandiko chini au nyuma ya kasha, kisha utafute mwongozo wa matengenezo wa modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kompyuta mbili zenye jina moja na mwaka tofauti zinaweza kutumia RAM tofauti kabisa. Usinunue kwa kukisia kutokana na picha.

Kuna makundi matatu. La kwanza ni vikasha vya ukubwa wa lita moja hivi, kama OptiPlex Micro za Dell, ThinkCentre Tiny za Lenovo na EliteDesk Mini za HP. Hizi hutumia RAM fupi ya laptopu, inayoitwa SO-DIMM, na mara nyingi zina sloti mbili za RAM, sehemu ya M.2 (ya kuchomeka SSD nyembamba kama kipande cha RAM), na nafasi ya diski moja ya inchi 2.5. Kundi la pili ni makasha membamba yaliyo makubwa kidogo, ambayo hutumia RAM ndefu ya kawaida, DIMM. La tatu ni yale ambayo RAM imeunganishwa moja kwa moja na haitoki. Mac mini zote zenye chipu za Apple, tangu ile ya M1 ya mwaka 2020, ziko hapa: RAM imo ndani ya kifurushi cha chipu, na uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Mac mini ya 2018 hutumia SO-DIMM, ingawa kuifikia kunahitaji kufungua karibu kasha zima. Ya 2014 imechomelewa. Vilevile kompyuta ndogo nyingi zenye prosesa ya Intel N100 zina sloti moja tu, na Intel yenyewe imeiandikia prosesa hiyo kikomo cha GB 16.

Halafu kuna vizazi vya RAM: DDR3, DDR4, DDR5. Haviingiliani. SO-DIMM ya DDR3 ina pini 204, ya DDR4 ina 260, ya DDR5 ina 262, na kila kizazi kina mkato mahali pake ili mtu asiweze kuilazimisha. RAM ndefu ndizo zenye mtego: DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, na kwa haraka zinafanana. Mkato ndio unaozitofautisha. Ikigoma kuingia, usisukume kwa nguvu. Kwa DDR3 angalia pia volti: ya kawaida ni 1.5, lakini vikasha vingi vidogo vya kipindi hicho vinadai DDR3L ya volti 1.35.

Kasi haina shida kubwa. Ukiweka kipande cha 3200 kwenye ubao mama unaokubali 2400, kwa kawaida kitakwenda kwa 2400. Cha kuepuka ni RAM za seva zinazoandikwa RDIMM au Registered. Huuzwa rahisi zikiwa zimetumika, na za DDR4 huingia vizuri kabisa kwenye sloti ndefu, lakini kompyuta ya kawaida haitawaka nazo.

Mwisho, hesabu sloti. Task Manager huonyesha Slots used, kwa mfano 1 of 2, pamoja na kasi na umbo la RAM iliyomo. Kama ni 2 of 2 na kila kimoja ni GB 4, huwezi kuongeza, itabidi utoe. Wakati mwingine namba hiyo hukosewa, kwa hiyo thibitisha kwa macho ukifungua kasha.

Hatua ya 4: RAM kiasi gani, na vipande vingapi

Windows 11 inataja GB 4 kuwa kiwango cha chini. Hicho ni kiwango cha kusakinisha, siyo cha kufanyia kazi. GB 8 zinamtosha mtu wa kuandika, kusoma barua pepe na kufungua kurasa chache. GB 16 ndizo ninazomshauri karibu kila mtu anayefanya kazi kwenye kompyuta yake siku nzima. GB 32 ni za wanaohariri video, wanaoendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta, au wenye picha nzito nyingi. Zaidi ya hapo, anayehitaji anajua mwenyewe kwa nini.

Vipande viwili vilivyo sawa ni bora kuliko kimoja chenye jumla ileile. Prosesa husoma vipande viwili kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kompyuta hizi ndogo nyingi hazina kadi ya picha inayojitegemea. Kitengo cha picha kilichomo ndani ya prosesa hukopa RAM hiyohiyo. Njia mbili huonekana hasa kwenye video, michezo na skrini za ubora mkubwa. Ukiwa na GB 8 kwenye sloti moja na nyingine iko wazi, nunua GB 8 nyingine ya kizazi na kasi ileile. GB 8 na GB 4 pamoja pia hufanya kazi, ila sehemu ya RAM itasomwa kwa njia moja.

Kuna jambo moja watu husahau kabisa: mfumo endeshi wa biti 32. Windows ya biti 32 kwenye kompyuta ya kawaida haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiijaza RAM. Angalia kwenye System kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 5: Diski ipi

Kama ndani kuna HDD na ndiyo inayobeba mfumo endeshi, umeshapata jibu lako. Swali ni SSD ya aina gani.

SSD ya inchi 2.5 inayotumia SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, hufika kiasi cha MB 550 kwa sekunde. NVMe, yaani SSD inayopitia njia ya kasi zaidi iitwayo PCIe, hufika MB 3,500 ikiwa ya kizazi cha tatu, na ya kizazi cha nne MB 7,000 hivi. Namba hizo zinavutia, lakini ni za kusoma faili kubwa kwa mfululizo. Kwa kazi za kila siku, kuruka kutoka HDD kwenda SATA utaihisi tofauti mwilini. Kutoka SATA kwenda NVMe, wengi hawataitambua mpaka wanakili faili la GB 40. Kwa hiyo kama kasha lako lina nafasi ya SATA tu, usisononeke, na usibadilishe kompyuta kwa sababu hiyo.

Kuwa mwangalifu na neno M.2. Ni jina la umbo, siyo la kasi. Ndani ya umbo hilo kuna SSD za SATA na za NVMe, na zipo sloti zinazokubali aina moja tu. Mwongozo wa modeli yako utasema. Tazama pia urefu: 2280 maana yake upana milimita 22 na urefu milimita 80, ilhali vikasha vingine vina nafasi ya 2242 peke yake. Na ukiona kijisloti kifupi chenye kadi ya Wi-Fi, hicho si cha SSD, ingawa kinafanana. Kompyuta za kabla ya mwaka 2015 hivi nyingi haziwezi kuwaka kutoka NVMe hata kama kifaa kinaingia.

Joto nalo ni la kufikiria. Kwenye kasha lisilo na nafasi ya hewa, NVMe ya kizazi cha nne hupata moto na kujipunguza kasi, na kile kibamba cha kupoozea kinachouzwa nayo huenda kikazuia mfuniko kufunga. Mimi kwenye vikasha vidogo huchagua ya kizazi cha tatu bila majuto.

Ukubwa: angalia umetumia GB ngapi leo, zidisha kwa mbili, kisha chukua saizi inayofuata juu yake. SSD iliyojaa hadi shingoni hupungua kasi, kwa hiyo acha walau asilimia 15 wazi. Usidhani umeibiwa ukiona diski ya TB 1 inasomeka 931: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024.

Hofu ya kwamba SSD "inaisha" kwa kuandikwa, kwa mtu wa kawaida, haina msingi. Samsung 970 EVO ya GB 500, kwa mfano, ilipewa dhamana ya kuandikwa terabaiti 300. Ukiandika GB 30 kila siku, mwaka mzima ni terabaiti 11 hivi. Itachukua miaka 27. Kinachostahili hofu ni SSD bandia: kifaa cha bei ya kutupwa kinachojitangaza kuwa cha terabaiti nyingi. Kijaribu kwa H2testw au F3, programu zinazokijaza data na kuisoma tena kuona kama nafasi ipo kweli.

Hatua ya 6: Amua

HDD na GB 8: SSD kwanza, kisha pima upya. HDD na GB 4: vyote viwili, na kama fungu linatosha kimoja, SSD, kwa sababu hata faili la akiba la RAM litakuwa limehamia mahali penye kasi. SSD ipo na RAM imejaa: RAM. SSD ipo, RAM ina nafasi, bado ni nzito: usinunue kitu, rudi hatua ya pili.

Kabla ya kulipa, angalia umri wa kompyuta. Windows 10 iliisha muda wake wa kawaida wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 rasmi inaanzia prosesa za kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama cha kompyuta. Kompyuta iliyo chini ya hapo inaweza kuishi vizuri na Linux, lakini amua hilo kwanza. Na kama una wasiwasi nayo, weka pesa kwenye SSD kuliko RAM. SSD utaihamishia kompyuta ijayo. RAM ya DDR3 haitakuwa na pa kwenda.

Hatua ya 7: Kuweka

Fanya nakala rudufu ya data yako mahali pengine. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa data wa Windows, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha kabla hujagusa skrubu, maana mabadiliko ya vifaa yanaweza kuufanya uulizwe. Hakikisha pia una vidude vidogo: fremu ya kushikia diski ya inchi 2.5, kebo yake, na skrubu ya M.2. Kompyuta zilizotumika mara nyingi huuzwa bila hivyo, na hakuna linaloudhi kama kuwa na SSD mkononi bila pa kuifunga.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache kumaliza umeme uliobaki, kisha gusa chuma cha kasha. SO-DIMM huingia ikiwa imeinama, kama nyuzi 30. Isukume mpaka ile mistari ya dhahabu ikaribie kupotea yote ndani ya sloti, ndipo uilaze taratibu hadi vishikizo vya pande mbili vilie "tak" kwa pamoja. Ikiwa kimoja kimelia na kingine kimya, itoe uanze tena. SSD ya M.2 nayo huingia kwa kuinama, na ukiiachia itainuka yenyewe. Ibonyeze kwa kidole, funga skrubu, usikaze kwa nguvu.

Kompyuta ya DDR5 inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza. Inajipanga na RAM mpya. Usiizime. Ikishawaka, thibitisha kiasi cha RAM, iache usiku mmoja ikiendesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, na asubuhi yake rudia vipimo vya hatua ya kwanza ukiwa na kazi ileile. Vipande vya zamani vifunge kwenye mfuko uleule ambao vipya vilikuja nao na uviweke kando kwa mwezi mmoja. Kompyuta ikianza kujizima ghafla, kurudisha RAM ya zamani ndiyo njia ya haraka ya kujua kama mkosaji ni mgeni au alikuwemo siku zote.